Aliyefia Zamu Yangu

"Wahid alikufa. Mimi si Wahid."

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua mmenisema sana. Mama mmoja wa Kisauni amepiga simu hapa gazetini akalalamika kwamba hadithi hii imemuunguzia wali siku mbili mfululizo. Pole, mama. Leo epua kwanza, ndipo usome.

Aliyelikosa gazeti naye asihangaike, mambo ni machache. Ni mwaka 2014. Khamisa, mwanamke wa miaka arobaini na mbili kutoka Kuze, Mombasa, ameajiriwa Dubai kumtunza mzee wa miaka tisini. Wanaishi wawili tu katika fleti ya ghorofa ya nne, Al Mankhool. Miezi saba amemlisha, amemkatia kucha, amemwita babu kwa heshima. Mzee anajulikana kwa jina la Wahid bin Sulaiti.

Kisha ikaja barua kutoka Uingereza. Kutakuwa na kumbukumbu ya Ardenlea, meli ya mizigo iliyozamishwa na nyambizi wakati wa vita, mwaka 1943, na mzee anaalikwa akiwa baharia wa mwisho aliye hai. Khamisa aliisoma akisimama, akaishia kukaa. Wahid bin Sulaiti wa Kuze, wa meli ya Ardenlea, ni baba wa baba yake. Ndiye yule aliyeripotiwa ameokoka, kisha asirudi nyumbani hata siku moja.

Asubuhi yake akamwendea mzee na kumwambia usoni, "Kumbe wewe ndiye uliyemtupa bibi yangu!" Na mzee akajibu yale maneno mliyolala nayo wiki nzima.

Haya, tuendelee.

Saa nne asubuhi. Mlango wa fleti u wazi, kama siku zote. Mzee ameufunga kwa kamba kwenye msumari wa ukutani ili usijifunge. Jirani ameshalalamika, msimamizi wa jengo ameshalalamika, Najla, binti wa mzee, amechoka kuwaomba radhi. Mzee hukaa kwenye kiti karibu na mlango huo kutwa nzima, viatu miguuni, akiisikiliza lifti ikipanda na kushuka. Haileti mtu wake.

"Kama si Wahid, basi u nani?" Khamisa akauliza.

Mzee akageuza uso, akaisikiliza lifti.

"Nakuuliza, mzee! Pasipoti yako Wahid. Kadi ya hospitali Wahid. Dawa hizi zote, kila chupa Wahid. Jana nimejua u babu yangu wa damu, nikalia mpaka nikaumwa na kichwa. Leo waniambia siye. Wanitania?"

"Naitwa Adib," mzee akasema. "Mama yangu ni Masuda. Nyumba yetu na ya kina Wahid zilipakana ukuta."

Khamisa akakaa sakafuni. Jina hilo alilijua. Bibi yake, Bi Ummi, alilitaja kila Ramadhani katika majina ya marehemu wa kuombewa dua. Adib, kijana wa jirani, aliyezama na meli ileile aliyookoka Wahid.

"Adib alikufa," akasema.

"Ndivyo walivyoambiwa. Walinisomea hitma, mimi niko hospitali ya Bahrain nanyweshwa supu."

"Na babu yangu?"

"Babu yako hajatoka katika ile meli."

Msomaji, pale Khamisa alitaka kulia, machozi yakakataa. Mtu hawezi kumpata babu jana jioni na kumzika leo asubuhi. Alimwangalia tu yule mzee, mwenye mikono midogo iliyokauka, akajiuliza amemwogesha nani miezi saba.

"Nieleze," akasema. "Yote. Madam Najla yuaja saa sita, na mimi siingii jikoni mpaka nijue."

Mzee akaeleza, na mimi nawapa kama alivyosema, bila ya kikohozi.

"Tulikuwa wachochezi wa boila. Kazi ya koleo. Unatupa makaa ya mawe motoni, unachota, unatupa. Joto lake, mwanangu, hata hapa Dubai mwezi wa nane si kitu. Tulitoka Kilindini na katani na chai, twaenda Durban. Ramadhani ikatukuta baharini. Wahid alikula. Akasema, mimi msafiri, Mungu amenipa ruhusa, mimi ni nani niikatae? Mimi nikafunga. Nilimwahidi mama."

"Ukafunga na koleo mkononi?"

"Nilifunga siku kumi na moja. Ya kumi na mbili, zamu ya mchana, kiu ikanishinda. Nikaingia nyuma ya lundo la makaa, nikanywa maji. Kopo zima. Hakuna aliyeniona."

"Si dhambi hiyo. Nawe ulikuwa msafiri."

"Nilijua si dhambi. Lakini nilikuwa nimejisifu mbele ya wenzangu. Kila siku nawaambia, mimi nafunga, nyinyi mwala. Nikaona haya. Nikapangusa mdomo, nikanyamaza."

Kidole cha mzee kikaanza kugonga mkono wa kiti.

"Saa kumi ikawa zamu yangu tena. Wahid akaniangalia, akasema, wee Adib, umekauka midomo, utaanguka motoni. Mimi nimekula, nina nguvu. Kaa juu upigwe na upepo mpaka magharibi, ufuturu, nitashuka mimi. Hatukumwambia serahangi, msimamizi wetu. Angekataa, kila mtu na zamu yake iliyoandikwa. Wahid akashuka. Nami nikamwacha ashuke, tumboni nina kopo la maji."

Khamisa akafunga mdomo kwa mkono.

"Torpedo ilipiga palepale, ubavuni, kwenye boila. Hawakutoka hata mmoja. Milango ya chini ilijikunja, haifunguki. Niliisikia ikigongwa." Mzee akaangalia kamba ya mlango wake. "Niliisikia, kisha sikuisikia."

Hapa niongeze neno moja la kwangu. Mimi mwandishi wenu ni mtu wa kupenda mbio, maelezo marefu hunichosha. Lakini mahali hapa nilisimamisha kalamu nikaenda kunywa chai, kwa sababu nilimwonea mzee huyu huruma, na nilijua baada ya mistari michache nitamkasirikia.

"Meli ilizama kwa muda wa mtu kuswali rakaa nne. Tukawa kumi na sita katika mashua. Nyambizi ikaibuka karibu yetu, nyeusi, maji yanaichuruzika. Akatoka mtu mwenye ndevu, akauliza kwa Kiingereza jina la meli. Akaambiwa. Akatutupia pakiti ya sigara, akaingia ndani, ikazama. Basi. Ndiyo vita yenyewe niliyoiona."

"Kisha?"

"Afisa mmoja alikuwa na orodha ya zamu mfukoni. Akawa asoma majina. Akafika kwangu. Akasema, Adib alikuwa chini, amekufa. Wewe ni Wahid. Nikatikisa kichwa."

"Ukatikisa kichwa vipi?"

"Hivi." Mzee akainamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyekubali kikombe cha chai.

"Kwa nini?" Sauti ya Khamisa ikapanda. "Kwa nini, mzee?"

"Mara ya kwanza ni uchovu. Siku ya pili nikasema nitarekebisha. Siku ya tisa tukaokolewa na meli ya mafuta yaenda Abadan, ikatushusha Bahrain, na telegramu imeshakwenda Mombasa. Wahid mzima, Adib amekufa. Ningerudi, ningesimama mlangoni kwa Ummi, ningemwambia nini? Mumeo ameingia kaburini kwangu kwa kuwa aliniona nimefunga, nami sikufunga? Nikaja Dubai. Hapa palikuwa kijiji na hori la maji. Hakuna aliyenijua, na hilo ndilo nililolitaka."

"Na ukadhani Bi Ummi atafanya nini?"

"Nilijua atakasirika. Atasema Wahid amemtupa, atakwenda kwa kadhi avunje ndoa, aolewe na mtu mwingine. Alikuwa msichana mzuri, ana miaka kumi na saba." Akamwinulia Khamisa uso. "Nilipotaka mtu wa kunitunza nikamwambia wakala, nitafutie mtu wa Kuze. Nilitaka kumsikia mtu akiyataja majina ya kwetu. Miezi saba nimeogopa kukuuliza. Ummi aliolewa na nani?"

Khamisa akasimama.

"Hakuolewa."

"Baadaye. Baada ya miaka."

"Hakuolewa kabisa! Wachumba walikuja, watu na heshima zao. Kadhi alimwita mara mbili. Kaka zake walimkalia kikao. Akawaambia, mume wangu yu hai, kampuni yenyewe imeandika, mnataka kuniozesha juu ya mume? Ana miaka themanini na minane, na kila Idd hupaka hina. Asema mke wa mtu hakai mikono mitupu."

Mzee akafungua mdomo.

"Ngoja, sijamaliza. Alikuwa na mimba."

"Mimba?"

"Ya baba yangu. Rafiq bin Wahid. Alizaliwa meli imeshazama miezi sita. Alikuwa akienda Kilindini kuangalia mabaharia wakishuka. Tena si utotoni tu. Nimemwona kwa macho yangu, ana mvi, ana wajukuu, asimama pale langoni aangalia nyuso. Amekufa miaka minane sasa. Amekufa akiamini baba yake alimkataa."

Hapo ndipo nilipomkasirikia, kama nilivyosema. Sote tuna haya. Lakini haya ya kopo moja la maji kumfungia mwanamke nyumbani miaka sabini na moja, si mke wala si mjane? Hebu niambieni nyinyi.

Mzee hakujitetea. Alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi.

"Mpigie," akasema. "Mpigie sasa hivi, kabla Najla hajaja. Nitamwambia mwenyewe. Asikae hata siku moja zaidi akimngoja Wahid."

"Utamwambia na maji?"

"Na maji."

Khamisa akaitazama simu yake juu ya meza, asiiguse. Kwani kuna jambo moja ambalo alikuwa hajamwambia mzee, na nyinyi pia sikuwaambia.

Jana jioni, alipokwisha kuisoma ile barua, hakungoja. Alimpigia bibi yake. Alisema, akilia na kucheka, "Bibi, nimempata! Babu nimempata, yu hai, niko naye Dubai!"

Haraka, haraka! Tangu lini imemfaa mtu?

"Mzee," akaanza, "mimi jana nilifanya kosa..."

"Kosa gani, Khamisa?"

Sauti hiyo haikuwa ya mzee. Ilitoka mlangoni. Mlango usiofungwa haubishwi hodi, na Najla alikuwa amesimama kwenye korido, mkoba begani, kitambulisho cha ofisi yake ya Oud Metha bado kiko shingoni. Kwa jinsi alivyopauka, hakufika sasa hivi.

"Madam, leo umewahi," Khamisa akasema.

"Nimewahi kusikia." Najla akaingia. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Dubai, Kiswahili chake cha Unguja alichopewa na mama yake. "Baba. Hebu niambie mie nimesikia vibaya."

"Hukusikia vibaya."

"Umri huo, baba, mtu huchanganyikiwa. Daktari alisema. Ndivyo ilivyo, siyo? Umechanganyikiwa."

"Ningependa iwe hivyo, mwanangu."

Najla akamgeukia Khamisa. "Umemtia nini kichwani? Miezi saba unampigia hadithi za Kuze! Mara wewe mjukuu wake, mara yeye siye. Wataka nini hapa kwangu?"

"Sitaki kitu, madam. Nataka bibi yangu aambiwe ukweli."

"Na mie?" Najla akajipiga kifua. "Mie niambiwe nini? Mie ni Najla binti Wahid. Pasipoti yangu, cheti changu cha ndoa, majina ya wanangu. Mama yangu Shifaa kaozwa na Wahid, kazikwa mke wa Wahid. Leo nimwambie nani, samahanini, baba yetu tulimwazima?"

Ni kweli alichosema. Usimchukie Najla, msomaji. Kama ungeamka leo ukaambiwa jina la baba yako ni la maiti wa watu, usingepika pilau ukala.

"Mama yako," mzee akasema polepole, "alikuwa mke mwema. Miaka arobaini amelala ubavuni mwangu. Lakini alimpenda Wahid, Najla. Akisema Wahid njoo ule, Wahid umechoka, mimi nasikia kama mtu aliye chumba cha pili. Hakuna mtu aliyewahi kuzungumza na mimi humu ndani. Hata wewe."

Najla akashika ukuta. Kwa muda mdogo uso wake ukawa wa mtoto. Kisha akajikusanya.

"Khalas," akasema. "Khamisa, kusanya vitu vyako. Mimi ndiye kafeel wako, mdhamini wako hapa, na visa naifuta leo. Kesho asubuhi unapanda ndege, unarudi kwenu. Na simu hiyo haipigwi."

"Madam, nakuomba..."

"Haipigwi! Ameshakaa miaka sabini, atakaa na mingine."

Na kweli haikupigwa. Ililia yenyewe.

Wote watatu wakaiangalia. Khamisa hakuhitaji kusoma jina. Bi Ummi ana simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, na hupiga mara moja tu kwa wiki, Ijumaa baada ya swala. Leo ilikuwa Jumanne.

Najla akanyoosha mkono. Khamisa akawa mwepesi zaidi. Akabonyeza, na kwa haraka yake akaweka spika.

"Khamisa? Mwanangu, wanisikia? Yuko hapo?"

Nyuma ya sauti hiyo palikuwa na kelele za wanawake, vikombe, mtu acheka. Kuze nzima ilikuwa imejaa ukumbini kwa Bi Ummi.

"Yuko, bibi, lakini ngoja kwanza nikwambie..."

"Utaniambia baadaye. Nipe mume wangu."

Mzee akanyoosha mikono miwili, akaipokea simu kama inayoweza kuvunjika. Maneno alikuwa nayo tayari. Midomo yake ilikuwa ikiyajaribu.

"Wahid?" ikasema simu. Ilikuwa sauti ya kikongwe, lakini imeliita jina hilo kisichana kabisa.

Khamisa akamwangalia mzee machoni, akamtikisia kichwa: mwambie, mwambie sasa.

"Naam, Ummi," mzee akasema. "Ni mimi."

Vigelegele! Vililipuka kule Mombasa mpaka spika ikakwaruza. Najla akafumba macho, akanong'ona, "Alhamdulillahi." Amerudia! Mzee mzima wa miaka tisini amerudia kosa lilelile la mashua, ametikisa kichwa tena!

"Nyamazeni kidogo, nyinyi!" Bi Ummi aliwakemea wanawake wake. Kukawa kimya. "Wahid. Sauti imezeeka."

"Imezeeka."

"Na yangu pia. Sikuulizi ulikuwa wapi. Hayo tutayasema mimi na wewe, si mbele ya watu. Nakuuliza neno moja tu, moyo wangu utulie. Siku ile ulipotoka ulifika kizingitini, kisha ukarudi ndani. Ukanishika mkono, ukaniambia neno. Sijamwambia mtu neno hilo, hata Rafiq. Uliniambia nini?"

Mzee akamwangalia Najla.

"Sema chochote, baba," Najla akanong'ona. "Mwambie umesahau. Umri huo, ataelewa."

Lifti ikasimama kwenye korido, ikafunguka, ikajifunga, ikashuka.

"Umesahau?" Bi Ummi akauliza. Palikuwa na hofu katika swali hilo, na upole mwingi. Alikuwa amejitayarisha kusamehe hata hilo.

Nadhani ni ule upole uliomshinda mzee.

"Sikulisikia, Ummi," akasema. "Mimi nilikuwa nje barabarani, nimebeba mizigo yetu miwili, namngoja atoke."

Akaisogeza simu karibu zaidi na mdomo.

"Mimi ni Adib. Adib wa Masuda, jirani yenu. Wahid alikufa siku ileile meli ilipozama. Alishuka kwenye zamu yangu, kwa sababu aliniona nimefunga, naye amekula. Nami sikuwa nimefunga. Nilikunywa maji nyuma ya makaa, nikaona haya kusema. Wakaandika mimi nimekufa, nikawaacha waandike. Ndivyo ilivyokuwa. Hana kosa lolote kwako. Hakukutupa."

Najla alikuwa amekaa chini, palepale alipokuwa amesimama, mkoba bado begani. Alikuwa akilia sasa, na Khamisa, bila ya kufikiri, akamshika bega. Kule Mombasa mtu mmoja aliyekuwa mbali na simu akapiga kigelegele cha kuchelewa, akanyamazishwa.

"Adib wa Masuda alikufa," Bi Ummi akasema hatimaye. "Mama yake amekufa mikononi mwangu, amlilia yeye. Nimemwosha mimi."

"Sikufa, Ummi."

Pumzi zake zilisikika, ndefu, moja baada ya nyingine. Khamisa alizihesabu kwa woga.

"Alikuwa ameshiba?" Bi Ummi akauliza.

"Nani?"

"Wahid. Siku hiyo. Wasema alikula. Alikula akashiba?"

"Alishiba. Alikula mkate na samaki wa kukaanga, akanywa chai bakuli mbili. Alinitania kwa hiyo chai."

"Akafa ameshiba."

"Naam."

"Na wewe ukaisikia milango?"

Mzee hakuwa amemwambia habari za milango. Labda wake wa mabaharia hulijua jambo hilo, hulisikia kwa wengine miaka yote wakilala peke yao. Mzee akaitazama kamba ya mlango wake.

"Niliisikia," akasema. "Nimeisikia kila siku."

"Mpe simu Khamisa."

Khamisa akaipokea, akazima spika, akaiweka sikioni. Alitegemea kilio. Alitegemea laana. Alikuwa tayari kwa lolote, kwani ni yeye aliyewajaza wale wanawake ukumbini, na ni yeye atakayebaki na aibu hiyo maisha yake.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Mimi ndimi niliyekuharakishia. Nisamehe, bibi yangu."

"Nyamaza, sikiza. Ile pasipoti niliyokwendea Hija, ingali na muda?"

"Pasipoti? Ya nini?"

"Nimekuuliza."

"Ingali na muda, bibi, lakini una miaka themanini na minane! Hata ngazi za msikitini wapandishwa! Na mimi kesho narudishwa, madam amefuta..."

"Huyo wenu ana tisini na amepata nguvu ya kunidanganya sasa hivi, watu wote wasikia. Mimi nishindwe kukaa kitini kwenye ndege?" Sauti ya Bi Ummi haikutetemeka hata kidogo. "Mwambie huyo Adib hajamaliza. Ana siku ya mwisho ya Wahid ambayo sikuiona, toka daku mpaka magharibi, na hakuna mtu mwingine duniani aliye nayo. Ataniambia yote, nimekaa mbele yake. Mwambie nakuja, Khamisa. Na asithubutu kufa kabla sijafika."